USITUKANE WAKUNGA NA UZAZI UNGALIPO: Kazi ya Ukunga katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Wazee wetu wa pwani wametuachia methali isemayo: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Twaitumia methali hii kila siku katika mambo ya biashara, ya kazi na ya ujirani, hata tumesahau ya kuwa maneno yake yana maana yake ya asili. Wakunga ni watu hasa, na uzazi ni jambo hasa. Mwezi huu twapenda kuirudisha methali nyumbani kwake, ndani ya chumba cha mzazi, tuwaeleze wasomaji wetu, wazee kwa vijana, habari za kazi ya ukunga katika vitongoji vya Dar es Salaam kama vile Kinondoni, Magomeni na Temeke katika miaka ya 1950 na 1960, pamoja na mafunzo tuwezayo kuyapata humo leo.

Huenda kijana wa kiume akasema: "Haya ni mambo ya wanawake, mimi yanihusu nini?" Twamwomba asiufunge ukurasa. Ataona huko mbele ya kuwa mara nyingi maisha ya mzazi yalikuwa mkononi mwa mwanamume aliyekaa barazani.

Mji uliokua kuliko huduma zake

Mwaka 1948 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 69,000. Ilipofanywa hesabu ya mwaka 1957 walikuwa wamezidi 128,000, na mwaka 1967 wakapita 270,000. Watu hao hawakuweza kuenea Kariakoo na Ilala peke yake. Serikali ya kikoloni ilijenga kota za Temeke na Magomeni, na kando ya kota hizo watu wakajijengea wenyewe nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uwani palipo na jiko na choo. Nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti au madebe yaliyokunjuliwa. Katika nyumba moja waliweza kukaa jamaa watano au sita, hawa Wazaramo, hawa Wandengereko, wale waliotoka bara, na wote wakashirikiana uwani.

Ndani ya vyumba hivyo ndimo walimozaliwa watoto wengi wa mji. Hospitali zilikuwako, lakini zilikuwa mbali na vitongoji. Wajerumani walijenga ile ya Ocean Road mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji Paroo, tajiri Mwismaili wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Mwaka 1956 ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret huko Upanga, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili, na hata leo limo humo jengo lenye jina la Sewa Haji. Lakini mwanamke wa Magomeni au Kinondoni aliyeshikwa na uchungu usiku wa masika alikuwa na bonde la Msimbazi kati yake na hospitali, na bonde hilo hujaa maji mvua zinyeshapo sana. Yule wa Temeke alikuwa na maili kadhaa za kwenda, na usiku wa manane gari halipatikani. Basi aliyeitwa ni yule aliye karibu, naye ni bibi mkunga wa mtaa.

Bibi mkunga wa mtaa

Bibi huyu kwa kawaida alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa na kujukuu, aliyejifunza kazi kwa mama yake au shangazi yake. Hakuwa na cheti wala mshahara. Ada yake ilikuwa kanga, mchele, sabuni, au fedha kidogo kwa kadiri ya uwezo wa wenyewe. Na aliyekuwa hana kitu alizalishwa vile vile. Alijua siri za nyumba nyingi, na aliyekuwa hodari wa kazi hii hakuzitoa nje.

Kazi yake haikuwa ile saa ya kuzaa tu. Mimba ilipokuwa changa alikuja kumtazama mwenye mimba, akampapasa tumbo ajue mtoto amelalaje. Uchungu ulipoanza alikaa naye, akamsugua mgongo, akampa maneno ya kumtuliza, na wanawake wengine wa nyumba wakachemsha maji. Mtoto alipotoka alimpokea, akakata kitovu, akangoja kondo la nyuma litoke, na likatoka likazikwa. Baba au babu akaitwa kumwadhinia mtoto katika sikio la kulia na kumkimia katika la kushoto, ili neno la kwanza lipitalo masikioni mwake liwe jina la Mola wake. Kisha siku zilizofuata mkunga alirudi kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, na kuhimiza apikiwe uji wa pilipili manga apate nguvu. Mzazi alipumzika siku arobaini, na wenziwe wakamshikia kazi.

Haifai kuyadharau mambo haya. Siku hizi wataalamu wa uzazi duniani wanasisitiza kuwa mwanamke mwenye uchungu asiachwe peke yake, bali awe na mtu wa kumtia moyo. Jambo hilo bibi zetu walilijua kabla ya kuandikwa vitabuni. Twalisema hili kwanza kwa kuwa haki ni haki.

Adui watatu

Lakini haki pia ni kusema yale ambayo bibi mkunga hakuyaweza. Walikuwako adui watatu ambao mikono mitupu haikuwashinda.

Adui wa kwanza ni damu. Baada ya mtoto kutoka, tumbo la uzazi lisipokaza, damu hutoka kwa wingi, na yaweza kumwua mwanamke mwenye afya njema kwa muda wa saa mbili tu. Dawa ya ergometrini, inayokaza tumbo la uzazi, iligunduliwa mwaka 1935. Dawa ya pili, oksitosini, ilitengenezwa na Vincent du Vigneaud huko Marekani mwaka 1953, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Dawa hizi zilikuwa mkobani mwa mkunga aliyefunzwa, wala si mkononi mwa bibi wa mtaa.

Adui wa pili ni uchafu usioonekana kwa macho. Wembe uliotumika kwa kazi nyingine, uzi uliookotwa, au kitu kilichopakwa juu ya kitovu huweza kumtia mtoto pepopunda. Mtoto huzaliwa mzima, hunyonya vizuri, kisha kati ya siku ya tatu na ya kumi na nne huacha kunyonya, mataya yakakaza na mwili ukawa kama ubao. Watu wakasema ni dege au ni jicho, wakamwita mganga, na mtoto akafa. Hakuna aliyemkumbuka wembe. Mama naye alipata homa ya uzazi kwa njia hiyo hiyo ya uchafu.

Tusidhani kuwa ujinga huu ulikuwa wa watu wetu peke yao. Mwaka 1847, katika hospitali kubwa ya Vienna, Dakta Ignaz Semmelweis alishangaa kuona kuwa wazazi waliohudumiwa na madaktari walikufa zaidi kuliko waliohudumiwa na wanafunzi wa ukunga. Akatambua kuwa madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda kuzalisha bila ya kusafisha mikono yao ipasavyo. Alipowaamuru waioshe kwa dawa, vifo vikapungua sana. Basi kisafishacho mikono ni maji, sabuni na dawa. Cheo cha mtu hakisafishi kitu.

Adui wa tatu ni uchungu usiokwisha. Mtoto akiwa amekaa vibaya, au nyonga za mama zikiwa nyembamba, hata akisukuma siku mbili mtoto hapiti. Hapo hapana mizizi wala hirizi itakayompitisha. Lililobaki ni kupasuliwa hospitalini. Akicheleweshwa mno, mtoto hufa, na mama akipona huenda akabaki na fistula, akatokwa na mkojo pasipo kujizuia, akakimbiwa na mume na kuonewa haya na jirani. Wengi wa wanawake hawa waliishi miaka na miaka wamejificha, na ibada zao zikawatia mashaka kwa sababu ya tohara. Ugonjwa huu hutibika. Hospitali ya CCBRT huko Msasani imewapasua na kuwaponya wengi. Yeyote anayemjua mwanamke mwenye taabu hii asikae kimya.

Mkunga mwenye cheti

Mwaka 1952 ilitungwa katika Tanganyika sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga, ili anayejiita mkunga wa serikali awe amesoma na kufaulu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 shirika la UNICEF lilikuwa likigawa duniani masanduku ya wakunga. Ndani mlikuwa na mkasi, beseni, sabuni, brashi ya kusugulia kucha, pamba na uzi safi wa kufungia kitovu. Ukitazama vitu hivyo utaona kuwa vingi si vya ajabu: ni vyombo vya usafi. Pamoja na hivyo mkunga alikuwa na kile kibomba cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kilichobuniwa na Dakta Adolphe Pinard wa Ufaransa mwaka 1895.

Wakunga hawa walikuwa wachache mno kwa mji uliokuwa ukikua namna ile. Tena walikuwa wasichana. Mama mkwe alimwona msichana wa miaka ishirini na miwili, pengine hajaolewa, hajazaa, pengine wa kabila jingine na dini nyingine, akauliza moyoni: "Huyu atanifundisha nini mimi?" Naye msichana, kwa fahari ya cheti chake, pengine alimwita bibi wa mtaa mshenzi. Kila mmoja alimtukana mwenziwe, na aliyelipa gharama ya matusi hayo ni mzazi kitandani.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 wazazi wa vitongoji walizidi kumiminika Muhimbili, ikasongamana. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa afya ya mama na mtoto nchi nzima, na kliniki ya wajawazito, mizani na kadi vikawa mambo ya kawaida. Vitongoji navyo vikapata hospitali zao: Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, Temeke kwa watu wa Temeke, na Amana kwa watu wa Ilala. Chanjo ya pepopunda kwa wajawazito ikaenea, hata mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga si tishio tena kwa taifa. Adui mmoja kati ya wale watatu amefukuzwa, alhamdulillahi, lakini atarudi tukiacha chanjo.

Mtu aliyekaa barazani

Sasa twarudi kwa yule kijana wa kiume tuliyemwomba asiufunge ukurasa.

Mwaka 1994 mabibi wawili wataalamu, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kuwa mzazi hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kumpeleka, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. Wa pili na wa tatu wataka barabara, magari, madaktari na dawa, navyo ni vya serikali zaidi. Lakini ule wa kwanza ni wetu, umo ndani ya nyumba zetu.

Tuchukue mfano wa nyumba moja yoyote ya Temeke katika siku zile. Mke ameshikwa na uchungu tangu jana adhuhuri. Bibi mkunga, kwa kuwa ni mtu mwenye akili, anasema: "Huyu si wangu, apelekwe." Mama mkwe anajibu: "Mwenyewe hayupo, tumngoje." Mume yuko kazini bandarini, hatarudi mpaka jioni. Arudipo anasema: "Fedha za teksi sina, tungoje asubuhi." Katika nyumba hiyo hapana aliyetaka mabaya. Kila mmoja amemngoja mwenziwe, na mauti hayakumngoja mtu.

Tena liko jambo zito zaidi, nalo yatupasa tuliseme waziwazi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu walidhani kuwa uchungu ukichelewa ni alama ya kuwa mwanamke amezini, wakamwambia, naye yu katika maumivu yale, ataje majina ya wanaume ndipo mtoto atoke. Ndugu Waislamu, hii ni dhuluma iliyo mbaya mno! Nyonga nyembamba si dhambi. Qurani Tukufu, katika Sura An-Nur, imemhukumu kwa adhabu kali yule amsingiziaye mwanamke mwenye kujihifadhi pasipo kuleta mashahidi wanne. Je, shahidi wa watu hawa alikuwa nani? Ni mtoto aliyelala kinyume tumboni? Basi anayesikia maneno hayo yakisemwa chumbani mwa mzazi, leo au kesho, na ajue kuwa wajibu wake ni kuyakataza na kuita gari.

Dini yetu yasemaje?

Wako wanaosema: "Mwanamke afaye kwa uzazi ni shahidi, basi tumwachie Mungu." Ni kweli kuwa Mtume (s.a.w.) amemtaja mwanamke huyo miongoni mwa mashahidi. Lakini katika hadithi hiyo hiyo amemtaja pia aliyezama majini na aliyeungua kwa moto. Je, tukimwona mtu anazama Kigamboni, twakaa ufukoni tukimwombea shahada? La! Twajitupa majini tukamtoe. Daraja ya shahidi ni rehema ya Mungu kwa aliyekwisha kufa, wala si ruhusa kwetu ya kumwacha afe.

Katika Sura Maryam twasoma jinsi Bibi Maryamu alivyoshikwa na uchungu penye shina la mtende, mpaka akatamani angalikuwa amekufa zamani. Mwenyezi Mungu hakumlaumu kwa maumivu yake. Alimtuliza, akampa maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Basi huo ndio mwendo wa kumtendea mzazi: faraja, maji na chakula. Na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe Ibrahimu, aliyemzalisha Bibi Mariya alikuwa Salma, na mumewe Salma, Abu Rafii, alipopeleka habari njema alipewa zawadi. Kadhalika twamkumbuka Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi katika hema lake msikitini Madina. Basi nani awezaye kusema kuwa ukunga na uuguzi ni kazi ya kudharauliwa?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa elimu ya uganga wa maradhi ni faradhi ya kifaya: wasipoipata watu wa kutosha katika mji, mji mzima una dhambi. Akalalamika kuwa Waislamu wa zama zake walijazana katika elimu ya mabishano ya sheria, wakawaachia wengine utabibu. Maneno hayo yangeweza kusemwa Dar es Salaam mwaka 1955. Wanaume wengi hawakupenda wake zao waguswe na daktari mwanamume, nayo ni haya iliyo njema, ingawa kwa dharura sheria yaruhusu. Lakini wanaume hao hao waliwatoa binti zao shule wakiwa na miaka kumi na miwili! Ataka mkunga Mwislamu wa kumzalisha mkewe, naye hataki binti yake asome akawe mkunga. Apandaye mawe hawezi kuvuna mpunga.

Yatupasayo leo

Hesabu za nchi yetu zimeleta faraja. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walifariki wazazi wapatao 556. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Katika muda huo wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka 63 hata 81 katika kila 100. Lakini hao 104 si tarakimu. Kila mmoja ni chumba kilichobaki kimya, na mtoto anyonyeshwaye na mtu mwingine.

Basi twawaomba wasomaji wetu mambo manne. La kwanza, mke akipata mimba aende kliniki mapema, na mumewe afuatane naye. La pili, mume aweke akiba ya fedha za gari mwezi wa saba usijafika, amjue mwenye gari kwa jina, na amwambie mkewe na mama yake mbele ya watu: "Nisipokuwako, ruhusa nimekwisha kuitoa." La tatu, bibi wa mtaa asidharauliwe: na awe mwenzi wa mzazi, wa kumsindikiza hospitali, kumkanda na kumpikia uji, huku kazi ya kuzalisha ikifanywa na aliyefunzwa. Naye mkunga wa hospitali akumbuke kuwa mwanamke aliye mbele yake ni amana, na neno baya wakati wa uchungu halisahauliki maisha. La nne, binti zetu wasome, na miongoni mwao watoke wakunga.

Na wewe kijana usomaye haya, kaulize nyumbani: "Mimi nilizaliwa wapi, na nani alinipokea?" Huenda ukatajiwa jina la bibi mmoja wa Kinondoni au Temeke ambaye hukupata kumjua. Kama yu hai, mpelekee japo sabuni na kanga. Kama amekufa, msomee Fatiha. Mikono yake ndiyo ya kwanza kukushika duniani.

Mwenyezi Mungu awarehemu wakunga wetu waliotangulia, awasahilishie wazazi wetu uchungu wao, na atujaalie tuwe watu wa kufanya haraka katika kheri. Amin.